Usijaze gesi kabla ya kupima waya

Leo tuweke kando habari za programu za simu na hifadhidata. Nataka kuzungumza juu ya kiyoyozi cha gari, kile sote tunachokiita A/C, na hasa ile paneli ndogo ya vitufe iliyo katikati ya dashibodi. Najua kuna atakayeuliza: mwandishi wa programu na A/C, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Ile paneli ni kompyuta. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme tarakilishi, anisamehe.) Ina vihisi vinavyoiletea habari, ina programu iliyochomwa ndani ya chipu, ina nyaya za kutolea amri. Ikiugua, inaugua kama kompyuta nyingine yoyote, na inafaa itibiwe hivyo. Lakini huku kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, A/C ikigoma tu dawa ya kwanza ni moja: jaza gesi. Dawa ya pili: badilisha kompresa. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimjibu yule anayesema Kitale kuna baridi, A/C ya nini. Ni kweli, mji umeketi karibu mita 1,900 juu ya bahari, na asubuhi watu wanatembea na sweta. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, na mchana joto unalisikia. Ila kupoza ni nusu tu ya kazi ya A/C. Nusu ya pili ni kukausha hewa.

Ndani ya dashibodi kuna evaporeta, kitu kinachofanana na rejeta ndogo, tofauti ni kwamba hiki huwa baridi. Hewa ikipita hapo, mvuke uliomo unageuka matone na kudondoka. Ndiyo yale maji unayoyaona chini ya gari lililokuwa na A/C, yanayowatia watu wasiwasi bure. Hewa iliyokauka inapitishwa kwenye hita, inapata joto, inapulizwa kwenye kioo cha mbele, na ukungu unaondoka. Magari mengi hata hayakuulizi: ukibonyeza kitufe cha kioo cha mbele, gari linawasha A/C lenyewe. Sasa A/C ikiwa imekufa, kitufe kile kinapuliza hewa yenye unyevu uleule kwenye kioo kilekile. Ukiwa umefunga hewa ya nje isiingie, mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana mnapumua na kurudishiwa pumzi zenu.

Fikiria barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ushike barabara kuu ya Malaba hadi Bungoma. Saa mbili usiku, mvua ya Agosti, watu watano ndani ya gari, wawili kati yao wamelowa. Mbele yenu kuna trela la miwa ambalo nyuma halina taa hata moja. Pembeni kuna boda boda aliyevaa koti jeusi na kubeba abiria wawili. Dereva anaendesha kwa mkono wa kulia, wa kushoto unasugua kioo kwa kitambaa, na kila akisugua anaona kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Hapo usiniambie A/C ni anasa ya watu wa Nairobi. Hapo A/C ni ndugu yake waipa.

Ndiyo maana hasira yangu kuhusu jambo hili si ya pesa pekee.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa mjomba wangu, ndugu yake mama, anayeishi Kitale na kushuka Bungoma kikazi mara mbili kwa wiki. Gari lake ni saluni ya Kijapani iliyoundwa mwaka 1999. (Kampuni siitaji, wala siilaumu, gari la umri huo lina haki ya kuugua.) Liliingia nchini kama mengine yote ya rika lake, kwa kipimo cha KS 1515:2000 ambacho hakiruhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8. Lina A/C ya otomatiki: unachagua nyuzi unazotaka, paneli inajipangia yenyewe.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi ukiwasha, taa ya A/C inawaka, kompresa inashika kwa mlio ule wa “tak”, hewa baridi inakuja. Ukishaendesha nusu saa, taa inajizima. Ukiibonyeza inawaka kwa sekunde mbili, inazima tena. Ukipanda tuta, mara nyingine inarudi kama hakuna kilichotokea. Gari likilala na kupoa, kesho yake kila kitu shwari.

Kabla hajaniambia alikuwa ameshapitia gereji mbili. Ya kwanza ilijaza gesi. Baada ya siku tatu, tatizo likarudi. Ya pili ilitoa gesi ile, ikajaza nyingine, kisha ikamwambia kompresa imechoka, atafute ya mtumba. Ndipo akapiga simu.

“Mpwa, si wewe ulisomea kompyuta? Hii gari imenishinda, na pesa pia zimenishinda.”

“Mjomba, hiyo kompresa usinunue kwanza. Nakuja Jumamosi.”

Hebu tuzisome dalili zile jinsi tunavyosoma ripoti ya hitilafu kwenye programu. Gesi haijui tuta. Gesi iliyovuja mchana hairudi usiku gari likipoa. Shinikizo likizidi kuna swichi ya kukata, ni kweli, lakini hapo klachi ya kompresa ndiyo inayoachia. Haielezi kwa nini mshtuko wa barabara unaiponya A/C. Kitu kinachokatika kwa joto na kurudi kwa mtikisiko karibu kila mara ni mguso wa umeme uliolegea mahali fulani. Mtu yeyote aliyewahi kuipiga televisheni kofi ikaonyesha picha anajua haya bila digrii.

Swali ni mahali gani. Hapa ndipo mbinu moja ya darasa la mwaka wa kwanza inapofaa: kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Ukitafuta jina kwenye orodha iliyopangwa huanzi mwanzo wala mwisho, unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unafungua katikati ya nusu iliyobaki. Mnyororo wa A/C kwenye gari kama hilo unapangika vilevile. Unabonyeza kitufe. Paneli inaangalia vihisi vyake kama ni salama kuwasha. Inatuma ombi kwa kompyuta ya injini. Kompyuta ya injini ikiridhika inaiamuru rilei. Rilei inapeleka volti 12 kwenye klachi, ambayo ni sumaku ya umeme. Sumaku inaikamata puli na kompresa inazunguka. Njiani kuna ile swichi ya shinikizo, inayokata gesi ikipungua mno au ikizidi. Gereji zote mbili zilianzia mwisho kabisa wa mnyororo, kwenye gesi na kompresa, ambako kila kitu ni ghali. Sisi tulianzia katikati, kwa multimita inayonunuliwa kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini.

Tulizunguka na gari mjini Kitale hadi likapata joto na A/C ikazima. Tukapima waya wa klachi: hakuna volti. Kumbe kompresa haijakataa kazi, haijapewa kazi. Tukapima swichi ya shinikizo: umeme unapita, maana yake gesi ipo ya kutosha. Tukapima mguu wa rilei unaopokea amri: kimya. Tukafuata waya unaotoka kwenye paneli kwenda kwa kompyuta ya injini: ombi halifiki. Nusu saa tu, na lawama yote ilikuwa imebaki kwenye paneli.

Mjomba akauliza swali ambalo sijalisahau. “Kwa hivyo hiyo gesi nilinunua mara mbili ilikuwa ya nini?”

Ilikuwa ya kuchafua hewa, kwa kusema kweli. Magari ya miaka ile yanatumia gesi iitwayo R134a, iliyochukua nafasi ya R12 katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inaharibu tabaka la ozoni. R134a haigusi ozoni, lakini kilo moja ikiachiliwa hewani inaongeza joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dayoksaidi. Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza gesi za ukoo huo. Halafu huku gereji inafungua valvu, inaiacha gesi nzima ipae, inajaza nyingine kwenye gari ambalo halikuwa na shida ya gesi.

Tuendelee. Tuliteremka nalo Bungoma kwa sababu huko kuna fundi wa redio ninayemwamini. Si fundi wa magari. Ana kibanda kimoja, televisheni kadhaa zilizofunuliwa migongo, spika, chaja, na kile chuma chake cha kulehemu. Sijui kama amewahi kuiita kazi yake uhandisi, lakini tazama alichofanya. Kabla hajalehemu chochote, alitaka aione hitilafu kwa macho yake. Aliitoa paneli, akaiacha ining'inie kwenye nyaya zake gari likiwa limewashwa, akaazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, akaipuliza bodi kwa hewa ya moto. Baada ya dakika chache taa ya A/C ikazima. Akachukua kijiti cha mbao, akagusa bodi hapa na pale. Alipobonyeza karibu na plagi kubwa, taa ikawaka. Alipoachia, ikazima.

Ninawajua waandishi wa programu wenye mishahara minono ambao hurekebisha hitilafu bila hata kuirudia mara moja waione. Fundi wa redio wa Bungoma haifanyi kazi hivyo, kwa sababu mteja wake atarudi kesho asubuhi kudai pesa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Waya wa hasi wa betri ukatolewa (fanya hivyo kila mara kabla ya kuchomoa plagi, na usubiri dakika kadhaa, hasa kama gari lina mifuko ya hewa). Chini ya kioo cha kukuzia, miguu minne ya plagi na miwili ya transista ilikuwa imezungukwa na duara jeusi, jembamba kama unywele. Hiyo ndiyo risasi iliyopasuka. Akaiyeyusha, akaondoa ile ya zamani, akatia mpya. Paneli ikarudishwa, ikapulizwa moto tena kwa mashine ileile ya saluni, taa ikabaki inawaka. Alitoza shilingi 600. Kompresa ya mtumba ambayo mjomba alikuwa ameambiwa atafute ingemgharimu maelfu, pamoja na gesi ya mara ya tatu, na nusu saa baada ya kuondoka gereji taa ingezima tena.

Kwa nini risasi hupasuka? Kila siku bodi inapata joto na kupoa, inatanuka na kusinyaa, na vyuma na plastiki havitanuki kwa kiasi kimoja. Juu ya hapo weka mtikisiko wa barabara zetu na uzito wa plagi yenye nyaya ishirini zinazoivuta. Zidisha kwa miaka 25. Jambo hili linajulikana dunia nzima. Honda za miaka ya 1990 zina sifa hiyo kwenye rilei kuu inayolisha pampu ya mafuta: viungo vya risasi vinapasuka, gari likiwa na joto linakataa kuwaka, likipoa linawaka. Mitsubishi za kipindi hichohicho zinajulikana kwa kapasita za kompyuta ya injini zinazovuja na kula bodi. Ukienda kwa fundi asiyejua haya utabadilisha pampu, plagi na betri, ukimaliza utauza gari kwa hasira.

Na wakati mwingine hata huhitaji kupima, gari lenyewe litakuambia, mradi uijue lugha yake. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zenye A/C ya otomatiki zina jaribio lililofichwa kwenye vitufe. Shikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, geuza ufunguo hadi ON. Taa zitamwekamweka mara nne kuonyesha zote ni nzima, kisha zitatokea namba. 00 ni salama. 11 ni kihisi cha joto la ndani, 12 cha joto la nje, 13 cha evaporeta, 21 cha mwanga wa jua. Hapa kuna mtego: ukifanya jaribio usiku au ndani ya gereji yenye giza, 21 itatokea hata kama kihisi ni kizima, kwa sababu tu hakioni jua. Nimeona mtu akishauriwa anunue kihisi kipya kwa kosa hilo. Toa gari nje uanze upya.

Ukipata 11, usikimbilie dukani. Kihisi kile ni kirezista ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda. Kwenye nyuzi 25 mara nyingi husoma kilo-omu 1.7 hivi. Kikisoma sifuri, au multimita isipoona kitu kabisa, basi ni chenyewe. Kikisoma vizuri, tatizo ni waya au plagi. Na kama feni yako inafanya kazi kwenye kasi ya juu kabisa pekee, ukiweka 1, 2 au 3 iko kimya, hapo ni kile kirezista cha feni kimeungua, kitu kidogo kilicho nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Hakihusiani na gesi hata kidogo, lakini nina hakika kuna mtu leo anajaziwa gesi kwa sababu yake.

Hapo utauliza: si kuna zile mashine za kuchomeka kwenye gari zikasoma makosa? Zipo, na siku hizi kila fundi ana kile kijifaa cha bluetooth mfukoni. Lakini elewa kinasoma nini. Soketi ile ya OBD-II ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 kwa ajili ya moshi, ili serikali ijue kama injini inachafua hewa. Kiwango hicho kinahusu injini na moshi wake. Makosa ya A/C kila kampuni huyaweka kwa lugha yake, nyuma ya mlango wake. Isitoshe, magari mengi tunayoletewa yaliundwa kwa soko la Japani, na ya miaka ile yanaweza kuwa na soketi ya umbo lilelile lakini yanazungumza lugha nyingine. Kwa hiyo fundi akichomeka kifaa chake kikasema “hakuna kosa”, anachokuambia ni kwamba hakuna kosa katika vitu ambavyo kifaa kinaweza kuuliza. Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu: jaribio linapita kwa sababu halikupima kilichoharibika.

Sasa kuna dawa ya tatu inayopendwa sana na inayonikera kuliko zote. Fundi anaona paneli inamsumbua, anaiacha. Anachukua waya kutoka kwenye betri, anaupitisha kwenye swichi ya taa ya nyumba (ndiyo, ile nyeupe ya ukutani, nimeiona kwa macho yangu!), anaupeleka moja kwa moja kwenye klachi ya kompresa. Mteja anabonyeza, baridi inakuja, anafurahi, analipa.

Ninawaelewa wanaofanya hivyo. Spea hazipatikani, mteja ana haraka, na kweli A/C inafanya kazi. Lakini kilichoondolewa hapo ni akili yote ya mfumo. Kihisi cha evaporeta kilikuwa kinazima kompresa kabla ya maji kugeuka barafu. Sasa hakuna anayezima, barafu inajaa, na hewa haipiti tena. Swichi ya shinikizo ilikuwa inailinda kompresa gesi ikipungua. Na kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kompresa isiyo na gesi inazunguka kavu hadi inajisaga. Vumbi lake la chuma linasambaa kwenye mabomba yote. Waya usio na fyuzi ukigusa bodi ya gari unapata moto. Ni sawa na mtu anayeandika programu, anaona ujumbe wa kosa unamsumbua, anafuta sehemu inayokagua makosa. Programu haitalalamika tena. Kama ni lazima kabisa, basi angalau tia fyuzi, tia rilei, na upitishe waya kwenye swichi ya shinikizo na kidhibiti cha joto cha evaporeta. Chini ya hapo ni kuahirisha gharama.

Msomaji makini ataona sasa naelekea wapi. Gari la 1999 linarekebishika Bungoma kwa shilingi 600 kwa sababu tatu: paneli inafunguka kwa skrubu, mawasiliano yake ni volti unazoweza kuzipima, na ukibadilisha kitu halikuulizi nenosiri. Magari yanayoshuka Mombasa sasa yanapoteza sifa hizo moja baada ya nyingine. A/C imehamia kwenye skrini. Amri haipiti tena kwenye waya wake, inapita kama ujumbe kwenye mtandao wa ndani wa gari, pamoja na ujumbe wa taa na breki. Kwenye baadhi ya magari, ukitia kipande cha mtumba lazima kisajiliwe kwa programu ya kampuni ndipo kikubaliwe.

Na hata kabla ya kuharibika, skrini ina tatizo lake. Mwaka 2022 jarida la Uswidi liitwalo Vi Bilägare lilipima muda ambao dereva anatumia kufanya mambo machache ya kawaida akiwa kwenye kasi ya kilomita 110 kwa saa, pamoja na kuongeza joto la ndani na kuwasha kiondoa ukungu. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilimaliza kwa sekunde 10. MG Marvel R, gari jipya lenye skrini, ilichukua sekunde 44.9. Kwa kasi ile hiyo ni zaidi ya kilomita moja na robo macho yakienda na kurudi kwenye kioo cha simu kubwa. Nirudishie trela langu la miwa hapo mbele kisha uniambie kama skrini ni maendeleo :-)

Mimi si adui wa programu, ndizo zinazonilisha. Ninachopinga ni programu inayofungiwa mwenye gari nje. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipiga kura mwaka 2012 kuzilazimisha kampuni za magari ziwape mafundi wa nje habari zilezile wanazowapa mawakala wao, na mwaka 2020 wapiga kura wakaongeza data inayotumwa na gari bila waya. Karibu robo tatu walikubali. Watu wale wana mawakala kila mji, na bado waliona wanahitaji. Sisi ambao wakala wa karibu anaweza kuwa safari ya siku nzima kutoka Kitale, na ambao magari yetu yana vitabu vya Kijapani tupu, tunahitaji mara kumi zaidi. Natamani kusikia mjadala kama huo katika Bunge letu, tukimaliza kubishana juu ya umri wa gari linaloruhusiwa kuingia. Umri tunaujadili sana. Kama gari hilo litarekebishika likishafika, hatuulizi.

Lakini siwezi kuyaachia makampuni na Bunge kila kitu, maana gereji zile mbili za mjomba hazikuzuiwa na nenosiri la mtu. Gari lilikuwa wazi kabisa. Kilichokosekana ni multimita na mazoea ya kuuliza “nimejuaje?” kabla ya kusema “badilisha”. Vyuo tunavyo: kuna Kitale National Polytechnic, kuna Kisiwa kule Bungoma, kuna Chuo Kikuu cha Kibabii kinachofundisha kompyuta. Ombi langu ni dogo. Chukua mwanafunzi wa magari, wa elektroniki na wa kompyuta, waweke kwenye meza moja na paneli moja ya A/C iliyokufa kutoka kwenye gari lililovunjwa, na uwaambie wasitoke mpaka waseme ni mguu gani wa plagi unaotuma ombi. Wa magari anajua kompresa inataka nini, wa elektroniki anajua kulehemu bila kuchoma bodi, wa kompyuta anajua kupanga maswali. Kila mmoja peke yake atajaza gesi.

Na ushauri kwa wewe unayeenda gereji kesho: uliza swali moja kabla ya kulipa. “Umepima volti kwenye klachi?” Fundi akikujibu kwa namba, kaa. Akikujibu kwa bei ya gesi, washa gari uende.

Mchoro wa plagi ya paneli ya mjomba nimeuchora upya, kwa kuwa ule wa kitabu ulikuwa wa Kijapani na tafsiri ya kamera ya simu iliniambia waya mmoja unaitwa “upepo wa heshima”. Nimeandika rangi za nyaya kwa Kiswahili na volti inayotakiwa kwenye kila mguu, injini ikiwa imezima na ikiwa inanguruma. Miguu miwili sijaielewa bado. Mmoja una volti 5 zisizobadilika, mwingine unabadilika nikiwasha taa za mbele, na nadhani huo ni wa kupunguza mwanga wa vitufe usiku. Nitaupima mjomba akipata nafasi ya kuniachia gari kwa siku nzima.